UZI: RV yako (gari au trela la kulala safarini) imeegeshwa Seattle, Tacoma au Portland mpaka Aprili? Maji yataiharibu kabla baridi haijaigusa

FundiPaa (Tacoma, Washington)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikifika Septemba swali huja lilelile kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ya huku Washington na Oregon: "RV naiegesha hadi Aprili, huku hakuna baridi kali, kuna haja ya kufanya chochote?" Haja ipo, tena kubwa. Kazi yangu ni kutengeneza RV, na gereji yetu hujaa mwezi Machi, watu wanapofungua mlango kwa mara ya kwanza na kukutana na harufu.

Anayeishi Minnesota, jimbo la baridi kali, hangoji kuambiwa. Majani yakianza kudondoka tu, yeye ameshamwaga maji yote na kufunga kila kitu. Huku kwetu wastani wa usiku wa Januari pale uwanja wa ndege wa Sea-Tac ni kama nyuzi 3 za Selsiasi, mchana 8 au 9. Mtu aliyekulia Makete haiiti hiyo baridi, kwa hiyo analaza gari na kwenda zake.

Lakini tazameni mvua. Seattle inapata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa inashuka kati ya Oktoba na Machi. Si mvua ya kishindo ya masika inayonyesha saa mbili kisha jua likakausha. Ni manyunyu ya kutwa kucha, na jua likichungulia halina nguvu ya kukausha hata kitambaa. Halafu mara mojamoja hewa ya baridi kutoka ndani ya British Columbia, Kanada, hushuka kupitia bonde la mto Fraser, na hali inageuka ndani ya usiku mmoja. Desemba 2021 na tena Januari 2024 Seattle ilishuka chini ya nyuzi -7. Siku za namna hiyo ni chache, ila bomba lenye maji linahitaji usiku mmoja tu kupasuka.

Maji yanaingia kwa njia tatu: juu ya paa, kwenye hewa ya ndani, na yale yaliyobaki ndani ya mabomba. Wengi huhangaikia mabomba peke yake. Mimi naanza na paa, kwa sababu bomba likipasuka unabadilisha kipande, lakini paa likivuja miezi sita bila mtu kujua, unapoteza ukuta, sakafu, na mara nyingine RV yote.

Paa la RV nyingi ni mpira wa EPDM, au plastiki laini ya TPO, au faibaglasi, limetandazwa juu ya ubao mwembamba. Lenyewe ni nadra kutoboka. Kinachovuja ni maungio: kuzunguka tundu la hewa, bomba la kupumulia choo, antena, kiyoyozi, mahali nyaya za sola zinapoingia, na zaidi ya yote ule ukanda wa aluminiamu wa mbele na nyuma ambapo paa linakutana na ukuta.

Panda ngazi siku kavu, na ndoo ya maji ya sabuni na kitambaa. Sugua gundi ya kila ungio mpaka rangi yake ionekane, kisha pita juu yake na ukucha wa kidole gumba, taratibu. Gundi nzima inabonyea kidogo na kurudi. Iliyochoka ni ngumu, ina mipasuko midogo, na pembeni inapoachana na paa utaona mstari mweusi mwembamba. Weusi ule ni uchafu uliobebwa na maji. Maana yake maji yameshapita hapo. Mstari wa urefu wa kidole unatosha kulowesha ubao wa chini msimu mzima.

Tumia gundi iliyotengenezwa kwa paa la RV, ile inayojitandaza yenyewe, Dicor au nyingine ya aina hiyo inayoendana na paa lako. Msipake silikoni ya kawaida kwenye paa la mpira. Haishiki vizuri, na ikishakauka hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake, fundi atakayekuja baadaye lazima aikwangue yote. Chochote chenye mafuta ya petroli nacho kikae mbali na EPDM, kinaivimbisha. Na fanyeni kazi hii Septemba, wakati paa bado linakauka. Ukingoja Novemba utakuwa unabandika gundi juu ya unyevu.

Ukishamaliza juu, ingia ndani. Bonyeza kuta kwenye pembe, chini ya madirisha, na ndani ya makabati ya juu kabisa ambako hakuna anayetazama. Pakibonyea, maji yapo. Ukuta wa nje wa faibaglasi ukianza kutoa tumbo, plaiwudi ya nyuma yake imeloa na kuachana nayo. Hapo hakuna gundi ya kuokoa.

Jambo la mwisho la paa leo: usiegeshe RV ikiwa sawasawa kabisa. Inua mbele au nyuma kwa jeki kidogo, kufuatana na mteremko wa paa lako, maji yapate pa kukimbilia. Na usiegeshe chini ya miti ya misonobari. Sindano zake zinaziba njia za maji, koga la kijani linaota juu yake, na koga lile linashika maji dhidi ya gundi wiki baada ya wiki. Lisugue kwa brashi laini. Mashine ya maji ya presha inasukuma maji ndani ya maungio yaleyale unayotaka kuyalinda.

Nitaendelea na mabomba kesho. Maswali karibuni.

Kilimahewa

Natia nanga hapa. Mkuu, vipi kuhusu turubai? Nimenunua lile kubwa la bluu nifunike RV yote, nimeona jirani amefanya hivyo.

FundiPaa

Mkuu Kilimahewa, lirudishe dukani kama risiti unayo. Turubai la plastiki halipumui. Unyevu unaotoka ardhini na ndani ya RV unapanda, unagonga plastiki, unarudi chini kama maji, na humo chini hakuna upepo wa kukausha. Halafu upepo ukivuma turubai linapigapiga. Nimeona rangi iliyokwanguliwa mpaka nyeupe kwenye pembe, na paa la mpira lililochanwa na kamba na vile viduara vya chuma vya turubai lenyewe.

Kama una uwezo, banda la mabati lililo wazi pembeni ndilo bora kuliko yote. Kama huna, nunua kava la kitambaa kinachopumua, lenye saizi ya RV yako, na ufunge sponji kwenye kila pembe kali kabla ya kulivalisha. Vyote vikishindikana, iache wazi na paa zima. RV iliyo wazi yenye gundi nzuri inanusurika kuliko iliyofungwa kwenye plastiki.

BintiPangani (Portland, Oregon)

Kaka Fundi, asante kwa nondo. Mimi trela yetu iko uani kwa shemeji, paa tumekagua ni zima kabisa, lakini godoro linaota koga upande wa chini na makabati yananuka. Mume wangu amenunua ile hita ndogo ya gesi ya kubeba, anaiwasha ndani kila Jumamosi ili kukaushe. Inapata joto kweli, lakini madirisha yanatiririka maji. Tunakosea wapi?

FundiPaa

Dada BintiPangani, gesi yenyewe inatengeneza maji. Propani inapoungua inatoa kaboni dayoksaidi na mvuke: kilo moja ya gesi inatoa kama kilo 1.6 za maji. Ule mtungi mdogo wa kijani wa ratili moja ukiisha wote ndani ya trela, mmemwaga humo karibu robo tatu ya lita. Joto linaubeba ule mvuke, na jioni kukipoa unatulia kwenye kioo, kwenye ukuta wa nyuma ya kabati, na chini ya godoro. Mwambie mumeo, shemeji yangu, aache, tena si kwa sababu ya koga tu. Hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje inaweza kujaza chumba kidogo kile gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, nayo haina harufu. Tanuri la kupasha joto lililojengwa kwenye trela ni jambo jingine, lile linatoa moshi na mvuke wake nje.

Wewe ni mtu wa pwani, unajua nguo za kabatini zinavyofanya wakati wa masika kama kabati limebanwa ukutani. Ndicho kinachotokea kwenye trela, ila hapa ukuta ni wa baridi, kwa hiyo unyevu unaukimbilia zaidi.

Fanyeni hivi. Lisimamisheni godoro kwa ubavu, lisiguse ukuta wa nje, au litoeni kabisa mlipeleke ndani ya nyumba. Mito ya viti vilevile. Makabati yote na droo ziachwe wazi, friji isafishwe, ikaushwe, na milango yake yote miwili izuiwe isijifunge. Nunueni kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, bei yake ni ndogo, mkiweke mahali mnapoweza kukisoma mkipita dirishani. Mkiona asilimia 50 hivi, sawa. Kikikaa juu ya 65 siku nyingi, koga linakuja.

Kama umeme upo pale uani, nunueni mashine ya kufyonza unyevu. Hapa watu wanapoteza pesa: mashine za kawaida zinazofanya kazi kama friji zinadhoofu sana kukiwa na baridi, koili zinaganda barafu. Kwa trela isiyo na joto chukua ile inayotumia gurudumu lenye kemikali ya kunyonya unyevu na kipasha joto chake ndani, inafanya kazi hata karibu na nyuzi sifuri. Mpira wake wa maji uelekezwe nje, msitegemee ndoo, maana itajaa na mashine itazima. Na mashine ikiwa inafanya kazi, fungeni matundu ya hewa, la sivyo mtakuwa mnakausha Portland yote.

Kama umeme haupo, mnageuza: matundu ya juu yafunguliwe kidogo chini ya kofia zake za mvua, na dirisha moja la chini upande usiopigwa na mvua liachwe na upenyo, hewa ipite. Vile vidumu vya chumvi ya kunyonya maji vinasaidia kabatini na sehemu ndogo, lakini haviwezi kazi ya trela nzima. Viwekeni ndani ya sinki. Maji yanayokusanyika mle ni ya chumvi kali na yakimwagika yanakula chuma.

BintiPangani

Sikujua kabisa habari ya gesi. Hita inatoka leo hii. Asante sana kaka.

Kaka_Kent

Mkuu, endelea na mabomba. Sisi wengine RV ziko kwenye yadi ya kulipia, maana mtaani Seattle saa 72 zikipita kwenye maegesho yaleyale unaanza kupata karatasi. Yadi haina umeme. Kwa hiyo habari ya hita mimi sina.

FundiPaa

Kaka_Kent, kutokuwa na umeme kunakurahisishia uamuzi: mwaga maji yote. Hata mwenye umeme namshauri afanye hivyo, sababu nitaisema mwishoni.

Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kama asilimia 9. Mabomba ya PEX (plastiki inayonyumbulika) ya RV za siku hizi yanavumilia kutanuka kidogo. Visivyovumilia ni vitu vya plastiki ngumu: viungo, koki ya bafu la nje, valvu ya choo, kichwa cha pampu, nyumba ya chujio. Anzeni hivi.

Zimeni hita ya maji, gesi na umeme, na muiache ipoe kabisa, saa kadhaa. Fungueni bomba la maji ya moto ili presha ishuke. Kisha nendeni nje, mfungue kifuniko cha hita, na mfungue plagi iliyo chini. Ukiifungua ikiwa na presha na moto, maji yatakurukia usoni. Kaa pembeni. Zitatoka lita 23 au 38, kutegemea tangi. Hita za Suburban zina fimbo ndefu ya chuma iliyounganishwa na plagi hiyo, inayoliwa badala ya tangi. Ikiwa imebaki waya mwembamba katikati, nunua nyingine. Hita za Atwood tangi lake ni la aluminiamu, plagi ni ya plastiki, usiiwekee fimbo.

Geuza valvu za nyuma ya hita ili maji yaruke hita. Mwaga tangi la maji safi, mwaga matangi ya maji machafu mahali panaporuhusiwa, kisha tafuta chini ya RV mabomba mawili mafupi yenye vifuniko, mara nyingi moja jekundu na jingine la bluu. Hayo ndiyo sehemu ya chini kabisa ya mfumo. Fungua yote mawili pamoja na mabomba yote ndani.

Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni upepo: unafunga kompresa kwenye mlango wa maji wa nje, presha isizidi psi 40, na unafungua bomba moja baada ya jingine, moto na baridi, bafu, bafu la nje, choo, mpaka litoe upepo mtupu. Ya pili ni yale maji ya pinki ya kuzuia kuganda, yaliyotengenezwa kwa propilini glikoli. Pampu inayavuta kutoka kwenye dumu, na wewe unapita bomba kwa bomba kuanzia lililo karibu na pampu, unalifunga ukiona rangi ya pinki. Galoni 2 au 3 zinatosha RV nyingi. Tafadhalini sana, yawe ya pinki ya RV. Yale ya kuweka kwenye injini ya gari mengi ni ethilini glikoli, ni sumu, na mabomba haya mtakunywea maji mwakani.

Hata ukitumia upepo, mimina kikombe cha pinki kwenye kila tundu la sinki, bafu na ndani ya choo. Kile kipinde cha chini ya sinki hakipulizwi kikaisha.

Sasa sehemu wanayoisahau wengi. Mbele ya pampu kuna kikombe kidogo cha plastiki angavu chenye chujio la waya ndani. Hata ukishamwaga kila kitu kinabaki na maji ya vijiko viwili vitatu. Kifungue kwa mkono, kimwage, kifute, kirudishe. Kisipofunguliwa kinapata ufa ambao huuoni kwa macho, na Aprili pampu inanguruma bila kuvuta maji kwa sababu inavuta hewa kupitia ufa ule. Mtu ananunua pampu mpya wakati kilichokufa ni kikombe tu.

Kilimahewa

Mkuu hapo kwenye kumwaga maji mimi nakataa kidogo. Niko Des Moines hapa karibu na maji ya Puget Sound, RV sijawahi kuimwaga, naweka hita ndogo ya umeme ndani na haijawahi kupasuka kitu.

FundiPaa

Mkuu, nakuelewa, na sehemu uliyopo inakusaidia. Karibu na maji ya bahari usiku hauporomoki kama kule Enumclaw au North Bend. Lakini hita ndogo inapasha chumba. Mabomba mengi na matangi yako chini ya sakafu, na kule chini joto kwa RV nyingi linafika kupitia mabomba ya hewa ya tanuri la RV lenyewe. Ukiweka hita ya umeme chumbani, themostati inaona kuna joto, tanuri haliwaki, na chini kunaganda huku juu kuko vizuri. Halafu hita ya wati 1,500 inavuta ampea 12.5 kwenye volti 120. Kwenye waya mwembamba wa ekstensheni uliopita chini ya mlango, wiki nzima, bila mtu ndani, hiyo ni hatari ya moto.

Mzaramo_Houston

Naomba niongezee jambo kutoka Texas. Huku ndiko kwenye hali ya hewa ya joto hasa, na Februari 2021 ndiko tulikofunzwa. Nilikuwa naishi ndani ya RV. Houston ilishuka mpaka karibu nyuzi -10, na umeme ukakatika, zaidi ya wateja milioni 4 wa Texas hawana umeme. Kila aliyekuwa anategemea hita ya umeme alibaki na bomba lenye barafu, wakiwemo wenye nyumba za matofali. Jirani yangu alikuwa amesafiri na RV yake alikuwa ameimwaga tangu Krismasi. Aliporudi alifungua maji akapika.

FundiPaa

Kaka wa Houston, umesema ile sababu niliyoiahidi. Baridi na kukatika umeme huja pamoja. Huku kwetu ni upepo: dhoruba ya Novemba 19, 2024 iliangusha miti juu ya nyaya Washington magharibi yote na maelfu kwa maelfu wakakaa gizani. Hita inakulinda usiku wote isipokuwa ule unaoihitaji zaidi. Bomba tupu halihitaji umeme.

Kwa anayeishi ndani, kumwaga hakuwezekani, kwa hiyo: usiku wa kuganda chomoa mpira wa maji wa nje, tumia tangi la maji safi na pampu. Tanuri la RV liwake, gesi iwe imejaa. Milango ya makabati ya chini ya sinki iwe wazi. Koki ya tangi la maji machafu ibaki imefungwa, ulimwage kwa mkupuo tangi likijaa, maana maji yanayotiririka kidogokidogo ndiyo yanayoganda njiani.

Shangazi_Plymouth (Uingereza)

Wanangu, huku kusini magharibi mwa Uingereza hali ni hiyohiyo, mvua na ubaridi usio mkali, sisi tunasema karavani. Huku ni kawaida kila mwaka fundi kupita na kipimo cha unyevu chenye pini mbili, anakigusisha ukutani kila mahali na kuandika namba kwenye mchoro wa karavani. Ukipata chini ya asilimia 15 unalala usingizi. Ikipita 20 unatafuta tundu. Mnunue hicho kipimo na nyie, macho hayaoni ukuta umeloa mpaka uoze.

FundiPaa

Shangazi, shikamoo. Ushauri wa dhahabu huo, na ule mchoro ndio wenye faida kubwa. Namba moja haikuambii mengi, lakini mahali palipokuwa 12 mwaka jana na mwaka huu pana 19 panakuonesha uvujaji kabla haujaharibu ubao. Nitaanza kuwachorea wateja wangu.

Kaka_Kent

Betri je? Naiacha au naitoa? Na kuna jamaa kaniambia lithiamu haina shida na baridi.

FundiPaa

Betri ya asidi ikiwa imejaa chaji haitaganda huku, kwa baridi yoyote tuliyowahi kuiona. Iliyoisha inaweza kuganda kwenye nyuzi -7 hivi, ikapasuka. Na itaisha, kwa sababu kengele ya gesi, redio na vitu vidogo vinainyonya usiku na mchana hata taa zote zikiwa zimezimwa. Kwa hiyo ijaze, kisha chomoa waya wa hasi, au itoe uiweke nyumbani. Ipime kila mwezi: volti 12.6 kwenda juu ni nzuri, ikikaribia 12.2 irudishe kwenye chaji.

Lithiamu inavumilia kukaa kwenye baridi, hapo jamaa yako yuko sahihi. Lakini isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri, seli zinaharibika na hazirudi. Zingine zina kinga ndani, zingine hazina. Kama una sola juu ya paa, hakikisha asubuhi yenye barafu haiichaji.

Wenye motohomu (RV yenye injini yake): tangi la petroli lijazwe na dawa ya kutunza mafuta, na jenereta iwashwe mara moja kwa mwezi kwa saa mbili ikiwa na mzigo wa karibu nusu ya uwezo wake. Matairi yajazwe upepo hadi kiwango chake na yasikae juu ya udongo au nyasi zenye maji, weka mbao chini.

BintiPangani

Na panya kaka? Mwaka jana tulikuta wamejenga kwenye droo ya vijiko.

FundiPaa

Dada, panya mdogo anapita kwenye tundu la milimita 6 au 7. Lala chini ya trela mchana, mwenzio awashe tochi ndani na kuimulika sakafuni chini ya sinki, nyuma ya choo, na mahali waya mkubwa wa umeme unapoingia. Unapoona mwanga, hapo ndipo wanapopita. Ziba kwa wavu wa shaba uliosukumwa ndani vizuri kisha gundi juu. Ule waya wa kusugulia sufuria unashika kutu kwa mvua zetu, na povu la kuzibia peke yake wanalitafuna. Chakula chote kitoke, hata chumvi na sabuni za mche. Weka mitego ya kawaida, usiweke sumu: panya mwenye sumu anakwenda kufia ndani ya ukuta.

Kilimahewa

Basi nimekubali, Jumamosi namwaga. Swali la mwisho mkuu: Aprili nikitaka kurudisha maji naanzaje, maana sitaki kunywa hayo ya pinki.

FundiPaa

Kwanza rudisha plagi ya hita na kikombe cha pampu kama uliviacha wazi. Kisha pitisha maji safi kwenye kila bomba mpaka rangi na povu viishe. Halafu changanya jiki isiyo na manukato, robo kikombe kwa kila galoni 15 za tangi, ijaze mfumo mzima mpaka uisikie harufu kwenye kila bomba, iache usiku kucha, kisha mwaga na usuuze mpaka harufu iondoke.

Valvu za nyuma ya hita zirudishe mahali pake kabla ya kutia jiki, na usiwashe hita ya maji mpaka bomba la moto litoe maji mfululizo bila kukohoa hewa. Koili ya umeme ikiwashwa kwenye tangi tupu inaungua ndani ya dakika chache.